Beri, uzito na ini: mwongozo kamili wa kula beri ili zikusaidie kweli

Mtu akitoka kwenye altrasaundi na karatasi inayosema ini lake lina mafuta, swali lake la kwanza huwa moja: sasa nile nini? Jibu analolipata upesi, hasa kwenye simu, ni stroberi, bluberi, na unga wa beri unaouzwa kwenye makopo kwa bei ya kutisha, ukiahidi "kusafisha ini" na kumaliza kitambi. Katika jibu hilo kuna ukweli kidogo na uongo mwingi. Mwongozo huu unatenganisha hayo mawili ili usipoteze fedha zako wala muda wa matibabu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Beri husaidia uzito na ini pale zinapochukua nafasi ya kitu kibaya ulichokuwa unakula au kunywa. Ukizila juu ya soda, maandazi na chipsi zako za kila siku, umeongeza chakula tu.

Ninaposema beri nakusudia stroberi zinazotoka sehemu za baridi kama Limuru na Lushoto, bluberi ambazo sasa zinalimwa Kenya, rasiberi, na pia zile tulizokua nazo: forosadi na zambarau. Hizi mbili za mwisho watu huzidharau kwa sababu ni rahisi na watoto huzichuma bure, lakini rangi yake nzito inatokana na kemikali za kundi lile lile linaloipa bluberi sifa zake.

Hatua ya 1: Jua hali ya ini lako kabla ya kununua chochote

Ini lenye afya lina mafuta kidogo sana. Yakizidi asilimia 5 ya ini, madaktari huhesabu kwamba ini limepata mafuta. Duniani karibu watu wazima watatu katika kila kumi wana hali hii, na wengi hawajijui kwa sababu haina maumivu. Kwa baadhi yao ini huanza kuvimba ndani kwa ndani, baadaye hupata makovu, na makovu yakizidi ini husinyaa na kushindwa kufanya kazi. Mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya madaktari wa ini viliubadilishia ugonjwa huu jina, ili jina lenyewe lionyeshe kwamba unaambatana na unene wa tumbo, kisukari, presha na mafuta mengi kwenye damu.

Anza na futi ya fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi kama kawaida bila kubana tumbo, kisha zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, iguse ngozi bila kukaza. Mwanamume akipata sentimita 94 au zaidi, na mwanamke 80 au zaidi, kuna dalili kwamba mafuta yanajikusanya ndani ya tumbo, mahali ambapo ini huathirika. Pima hata kama mizani inakupa uzito mzuri. Wapo watu wembamba wa mikono na miguu wenye ini lililojaa mafuta.

Kisha nenda kituo cha afya, uombe vipimo vya damu vya vimeng'enya vya ini (kwenye karatasi utaviona kama ALT na AST; hupanda ini linapoumia), sukari na mafuta ya damu, na altrasaundi ikiwezekana. Omba pia vipimo vya homa ya ini B na C. Hili nalisisitiza kwa sababu kwetu Afrika Mashariki ini haliharibiwi na mafuta peke yake. Kuna homa ya ini B, kuna pombe, na kuna sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu, na 125 kati yao wakafariki. Hakuna tunda linaloondoa sumukuvu mwilini, na hakuna tunda linaloondoa virusi vya homa ya ini B. Homa ya ini B ina chanjo ya kuikinga na ina dawa za kuidhibiti. Zote hupatikana kwa mhudumu wa afya.

Kama macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi, tumbo linajaa maji, unatapika damu au unachanganyikiwa, acha kusoma hapa na uende hospitali leo hii.

Hatua ya 2: Fahamu beri zinafanya nini mwilini

Stroberi gramu 100 zina takriban kilokalori 32 na sukari gramu 5. Karibu sehemu yote iliyobaki ni maji. Forosadi zina kilokalori 43 na sukari gramu 8 kwa kipimo hicho hicho. Bluberi ni tamu zaidi: kilokalori 57, sukari gramu 10. Rasiberi zina kilokalori 52, lakini zina zaidi ya gramu 6 za nyuzinyuzi, na kwa hilo huwashinda wenzake wote niliowataja.

Sasa linganisha na soda. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ina takriban gramu 53 za sukari. Ili upate sukari hiyo kwenye stroberi ungelazimika kula zaidi ya kilo moja kwa mkupuo, na tumbo lingekataa kabla hujafika nusu. Hapo ndipo penye siri ya uzito: tunda zima linajaza tumbo kabla ya kukupa nishati nyingi.

Kwa ini kuna jambo la ziada. Karibu nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na fruktosi kazi yake kubwa hufanyiwa ndani ya ini. Ikiingia nyingi na kwa haraka, kama inavyotokea ukimaliza soda kwa dakika tano, ini hugeuza sehemu yake kuwa mafuta, na baadhi ya mafuta hayo hubaki hapo hapo. Beri nazo zina fruktosi, lakini ni kidogo, imefungwa ndani ya tunda lenye nyuzinyuzi, na huingia polepole.

Halafu kuna ile rangi nyekundu, buluu na zambarau. Inatokana na kemikali ziitwazo anthosianini. Panya waliolishwa mafuta mengi pamoja na dondoo za beri walionekana kupata mafuta machache kwenye ini katika majaribio kadhaa. Lakini panya hupewa dozi kubwa kuliko mtu anavyoweza kula kwenye bakuli, kwa hiyo usimruhusu muuzaji wa makopo akuuzie matokeo ya panya kana kwamba ni yako.

Kwa binadamu ushahidi upo, ila ni wa kiasi. Nchini Finland, ambako kuokota beri msituni ni sehemu ya maisha, wanawake wenye uzito uliozidi walipewa wastani wa gramu 163 za beri kwa siku kwa wiki 20, wakilinganishwa na wenzao waliobadili mtindo wa maisha bila beri. Kimeng'enya cha ALT kilishuka waziwazi kwa waliokula beri, ingawa hata mwanzoni kilikuwa ndani ya kiwango cha kawaida. Katika Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, wasichana 12 walipewa kitafunwa cha jioni cha kilokalori 65, mara beri, mara peremende, kisha baada ya saa moja wakaletewa tambi wale watakavyo. Siku ya beri walikula takriban kilokalori 130 pungufu. Na huko Marekani, watafiti waliofuatilia zaidi ya watu 130,000 kwa miaka hadi 24 waliona kwamba kila sehemu moja ya beri iliyoongezwa kwenye mlo wa siku iliambatana na pungufu ya nusu kilo hivi kwa kila miaka minne. Soma tena: nusu kilo, miaka minne. Tena utafiti wa namna hiyo huonyesha vitu vinavyokwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba beri ndizo zilizopunguza uzito.

Kinachojulikana kwa uhakika zaidi ni kwamba mafuta ya ini hupungua mwili mzima unapopungua. Ukipunguza asilimia 5 ya uzito, mafuta kwenye ini huanza kushuka. Ukifika asilimia 7 hadi 10, uvimbe wa ndani ya ini nao hupungua, na kuanzia 10 hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Kwa mama mwenye kilo 90, asilimia 5 ni kilo nne na nusu. Lengo lako la kwanza liwe hilo. Usikimbilie kupunguza zaidi ya kilo moja kwa wiki, maana kukonda kwa kasi huleta mawe kwenye kifuko cha nyongo na kunaweza kulitikisa ini lenyewe.

Hatua ya 3: Chagua kitakachotoka

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote, na ndiyo inayorukwa. Chukua karatasi. Andika kila kitu chenye sukari au kilichokaangwa ulichotia mdomoni siku tatu zilizopita nje ya milo mikuu: chai ya vijiko vitatu vya sukari, andazi la saa nne, soda ya mchana, biskuti ulizomalizia mtoto, kashata, juisi ya pakiti. Halafu chagua kimoja tu, kile unachokirudia zaidi, na uamue kwamba kuanzia kesho nafasi yake itachukuliwa na beri.

Tuseme umechagua soda ya chupa ya mililita 350. Hiyo ina karibu gramu 37 za sukari na kilokalori 150. Badala yake weka maji na kikombe cha stroberi, ambacho ni kama kilokalori 50. Umeondoa 100 kwa siku bila kubaki na njaa, na ini limepumzishwa mzigo wa fruktosi iliyokuwa ikimiminika. Baada ya wiki mbili tatu, mabadiliko hayo yakishazoeleka, chagua kingine kwenye karatasi.

Hadhari kubwa ni juisi. Simama kwenye kibanda cha juisi uangalie: stroberi chache zinaingia kwenye blenda, kisha maziwa, kisha vijiko vya sukari vilivyojaa, na mara nyingi sharubati nyekundu ya chupa ili rangi ikolee. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hadi 5, na kikijazwa juu ni zaidi. Glasi hiyo inaweza kukurudisha kwenye soda uliyoikimbia. Wakati wa Ramadhani jambo hili huwa zito zaidi, kwani futari nyingi hufunguliwa kwa majagi ya juisi tamu kwenye tumbo tupu. Ukitaka juisi, saga beri na maji au mtindi, usichuje, usitie sukari, na unywe glasi moja ndogo. Kama ni chachu, ongeza nusu ya ndizi mbivu.

Kwa bidhaa za pakiti, geuza nyuma usome orodha ya viambato. Huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona maji, sukari, rangi, kisha "ladha ya stroberi", hapo hakuna stroberi. Yogati nyingi za rangi ya waridi ziko hivyo. Jamu nayo, hata iwe ya forosadi halisi, kwa kawaida nusu yake au zaidi ni sukari.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5, sawa na gramu 25 hivi. Sukari iliyo ndani ya juisi huhesabiwa humo. Iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi.

Hatua ya 4: Kiasi na wakati

Gramu 150 zinatosha kwa siku. Ni takriban kikombe kimoja cha chai kilichojaa stroberi zilizokatwa au forosadi. Kwa zambarau jaza kidogo zaidi, kwa kuwa mbegu inachukua nafasi kubwa. Si lazima iwe kila siku. Siku nne kwa wiki kwa mwaka mzima zinafaa kuliko wiki mbili za bidii halafu basi. Kumbuka pia kwamba matunda na mboga kwa jumla vinapaswa kufika gramu 400 kwa siku, hivyo beri haziondoi mchicha wala sukuma wiki mezani.

Wakati mzuri ni ule ambao njaa hukusukuma kwenye vitafunwa: saa nne asubuhi, au saa kumi jioni kabla hujafika nyumbani na kukuta sufuria. Zikikuacha na njaa upesi, uzile pamoja na mtindi usio na sukari au kiganja cha karanga. Karanga zichambue kwanza. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupe, kwa ajili ya ile sumukuvu niliyoitaja. Asubuhi, uji wa ulezi uliotiwa forosadi mwishoni badala ya sukari unapendeza sana, na rangi yake huwavutia hata watoto. Zambarau wengi huzinyunyizia chumvi; mwenye presha aziache kavu.

Mwenye kisukari anaruhusiwa kula beri, akizihesabu ndani ya wanga wake wa siku. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari apime sukari yake kwa karibu wiki za mwanzo, hasa akiwa ameacha soda kwa wakati huo huo, kwa sababu dozi inaweza kuhitaji kurekebishwa na daktari.

Hatua ya 5: Kununua, kuosha, kuhifadhi

Nunua kidogo kidogo. Forosadi hazivumilii hata siku mbili nje ya jokofu, na stroberi moja iliyooza huambukiza kikopo kizima. Inua kikopo uangalie chini: kama kuna maji mekundu, za chini zimeshapondeka.

Kuosha ni sehemu ya kulinda ini, wala usione ni usafi wa kawaida tu. Homa ya ini A huenezwa na maji na mikono michafu, na beri, kwa kuwa huchumwa kwa mkono na kuliwa mbichi, zimewahi kuhusishwa na milipuko yake. Mwaka 2013 Ulaya ilipata mlipuko uliofuatiliwa hadi kwenye beri zilizogandishwa. Nawa mikono kwanza. Osha beri muda mfupi kabla ya kula, kwa maji salama yanayotiririka, ukizigeuza kwa vidole bila kuziponda. Vikonyo vya stroberi viondoe baada ya kuosha, ili maji machafu yasiingie ndani ya tunda. Usitumie sabuni. Kisha zitandaze kwenye kitambaa safi zikauke.

Za kugandisha zitandaze kwanza kwenye sinia ndani ya friza, zikishakuwa ngumu ndipo uzitie kwenye mfuko, hazitashikana. Kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika Kaskazini, beri zilizogandishwa dukani ni nafuu na virutubisho vyake havijapotea sana. Ila kugandisha hakuui virusi. Mwenye ugonjwa wa ini tayari, au mjamzito, azichemshe kwa dakika moja hivi kabla ya kula.

Hatua ya 6: Kama mfuko hauruhusu

Usikope ili ule bluberi. Pera la kawaida la uani lina zaidi ya gramu 5 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100, zaidi ya mara mbili ya stroberi, na vitamini C yake ni karibu mara nne. Papai, chungwa na pera vinafanya kazi ile ile ya kuiondoa soda mezani. Msimu wa zambarau ukifika, kula zambarau. Ukipita, rudi kwenye pera. Inaniuma kuona mtu anatoa fedha za dawa ya presha kununua kopo la unga wa beri huku mapera yanaoza chini ya mti.

Hatua ya 7: Pima tena

Panda mizani mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya haja na kabla ya chai. Kiuno kipime kwa futi kila mwezi, mahali pale pale. Tembea kwa mwendo wa haraka jumla ya dakika 150 kwa wiki. Mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata pale mizani inapogoma kushuka. Kwa wapenzi wa kahawa chungu kuna habari njema: tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini na saratani chache za ini. Ila inyweni bila kusindikizwa na halua.

Baada ya miezi mitatu hadi sita rudia vipimo vya damu. Kama hakuna kilichosogea, usiongeze beri. Rudi kwenye sahani: kilima cha wali au ugali usiku, mafuta ya kukaangia, bia za mwisho wa wiki. Pombe kwa mwenye ini lenye tatizo, ushauri wangu ni aiache kabisa.

Wanaopaswa kuongea na daktari kwanza

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadili mlo wake ghafla, beri zikiwemo. Mwenye figo zilizochoka aulize kuhusu potasiamu, na aliyewahi kupata mawe ya figo aulize kuhusu oksaleti, kemikali ya kwenye mimea inayochangia mawe hayo, hasa kwenye rasiberi. Watoto wadogo wakatiwe vipande, wasipewe bluberi nzima wala zambarau yenye mbegu.

Makopo na vidonge vya "kusafisha ini" niachie nafasi niseme kwa uzito. Ini halihitaji kusafishwa na mchanganyiko wa dukani, na baadhi ya mchanganyiko huo umelijeruhi. Vidonge vya dondoo kali la chai ya kijani vimejulikana kuumiza ini la watu waliokuwa wazima. Kama tayari unatumia unga wa beri, mitishamba ya chupa au vidonge vya kupunguza uzito, vibebe vyote siku ya kliniki, pamoja na dawa zako za hospitali, uvipange mezani kwa daktari kabla hajasoma majibu ya ALT yako. Asipojua unachomeza, anaweza kutafuta ugonjwa kwa miezi wakati chanzo kiko kabatini kwako.